Amefanya Nini, na Nani Alikuwa Juu Yake?

Leo nataka tuzungumze juu ya sentensi ninayoisikia kila msimu wa uchaguzi, kwenye daladala, kwenye kijiwe cha kahawa, hata msibani watu wakisubiri mwili ufike. "Anakula, lakini anafanya kazi." Anayeisema haoni aibu, na sidhani kama anastahili kuona aibu. Amechoka na watu safi wasiojenga hata kalavati. Anataka barabara ipitike wakati wa masika na dawa zipatikane zahanati, na yule anayemletea habari za maadili anamwona ni mtu aliyeshiba, asiyejua shida.

Mimi naamini sentensi hiyo ina kosa, ila kosa lake si lile tunalolisikia kila siku. Ili nilionyeshe vizuri nawaomba turudi mwaka 2015. Mwaka ule Watanzania tuliulizwa swali hili, kama kazi inafidia maadili, waziwazi kuliko wakati mwingine wowote ninaoukumbuka, na kila upande ulikuwa na watu wenye akili timamu.

Kwanza turudi nyuma zaidi. Tarehe 15 Septemba 2007, kwenye viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk. Wilbrod Slaa, mbunge wa Karatu na katibu mkuu wa chama cha upinzani cha CHADEMA, alisimama jukwaani akasoma majina 11. Ikaitwa orodha ya mafisadi. Miongoni mwa majina hayo lilikuwamo la Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu. Miezi mitano baadaye, Februari 2008, kamati teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ikasoma ripoti yake kuhusu Richmond. Mnakumbuka mgao wa umeme wa 2006, ukame ulipoyakausha mabwawa na saluni na mashine za kusaga zikakaa kimya mchana kutwa. Kampuni ya Richmond ilipewa mkataba wa dharura wa kuzalisha umeme, na haikuutimiza kwa wakati. Tarehe 7 Februari Lowassa, aliyetajwa kwenye ripoti hiyo, akajiuzulu, akilalamika ndani ya Bunge kwamba kamati haikumpa nafasi ya kusikilizwa. Hakuwahi kufikishwa mahakamani kwa jambo hilo mpaka alipofariki Februari 2024. Nalitaja hili mapema kwa sababu lina uzito wake, na haki ni haki hata kwa mtu usiyempigia kura.

Tangu hapo CHADEMA walikula na kulala na ajenda ya ufisadi. Ndiyo iliyowapa vijana wa vyuo, ndiyo iliyowapeleka vijijini na helikopta, ndiyo iliyompa Dk. Slaa kura 2,271,941 za urais mwaka 2010. Mtu ukimuuliza kwa nini ni CHADEMA, hakukutajia sera ya kilimo. Alikwambia hawa ndio waliothubutu kutaja majina.

Kisha ukaja mwaka 2014, Bunge Maalum la Katiba kule Dodoma. Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ilikuwa imeweka uadilifu, uwazi na uwajibikaji kati ya tunu za taifa. Wapinzani walipoona rasimu inabadilishwa, wakaunda UKAWA, Umoja wa Katiba ya Wananchi, wakatoka ukumbini. Tulikumbuke jina hilo lilivyo refu. Muungano ule ulizaliwa kwa ajili ya kanuni. Haukuzaliwa kwa ajili ya mgombea.

Julai 2015 vikao vya chama tawala, CCM, vikalikata jina la Lowassa kati ya waliowania urais. Tarehe 28 Julai CHADEMA wakampokea, na baada ya siku chache akawa ndiye mgombea urais wa UKAWA.

Hapa naomba tusiende haraka, maana hoja ya waliompokea ilikuwa nzito, na wengi walioicheka baadaye hawakuwahi kuijibu. Walisema hivi. Chama tawala kina dola, kina fedha, kina mizizi kila kijiji. Hatujawahi kukitikisa kwa usafi wetu. Huyu mtu anakuja na wafuasi kutoka ndani ya CCM yenyewe, na mtandao ambao sisi tungehitaji miaka 20 kuujenga. Yeyote mwenye ushahidi dhidi yake aende mahakamani. Na hata kama ana dosari, mpango ni kuiondoa CCM madarakani kwanza, kisha katiba mpya itambana yeye na wote watakaokuja baada yake. Baba wa Taifa mwenyewe mwaka 1995 aliwahi kuonya kwamba Watanzania wanataka mabadiliko, na wasipoyapata ndani ya CCM watayatafuta nje. Sasa yametafutwa nje.

Na matokeo yalionekana. Mlioishi kipindi kile mnakumbuka yale waliyoyaita mafuriko, viwanja vimejaa watu hadi juu ya miti, mikono inazungushwa hewani, upande mmoja unaitikia "Lowassa!" na mwingine "mabadiliko!" Kuna mahali vijana waliipiga deki barabara ya lami kwa maji na sabuni ili msafara wake upite. Oktoba 25 akapata kura 6,072,848. Kutoka milioni mbili na ushei hadi milioni sita, ndani ya miaka mitano. Wabunge wa upinzani wakaongezeka kuliko wakati wowote tangu vyama vingi virudi. Meya wa Jiji la Dar es Salaam akatoka UKAWA. Mtu akikuambia kuwa uamuzi ule haukuleta chochote, hasemi kweli.

Wala Lowassa hakuwa mtu wa maneno matupu. Maji ya Ziwa Victoria yaliyopelekwa Shinyanga na Kahama, yakichotwa kule Ihelele, Misungwi, yana mkono wake tangu alipokuwa Waziri wa Maji. Wakati ule ilibidi Serikali iamue kuyachota ziwani bila kujali mkataba wa mwaka 1929 wa Waingereza na Misri juu ya maji ya Nile, na yeye alikuwa mstari wa mbele. Alipokuwa Waziri Mkuu alisukuma ujenzi wa sekondari za kata kwa nguvu ambazo wakuu wa wilaya hawajazisahau.

Niliwahi kukaa na mama mmoja pale Kahama, muuza chakula karibu na stendi. Bomba lake lilikuwa nje ya kibanda, koki imefungwa kipande cha mpira wa baiskeli isivuje, na madumu ya njano yamepangwa ukutani. Zamani, alinieleza, alinunua maji ya mkokoteni, dumu kwa dumu, na siku mwenye mkokoteni asipotokea alikuwa hapiki. Nikamgusia habari za Richmond. Akaendelea kuosha sahani zake, akanijibu bila kuniangalia: "Mwanangu, hayo ya Dodoma mimi siyajui. Haya maji nayajua."

Sina jibu la kumshinda mama yule, wala sitafuti la kumshinda. Anahukumu kwa kitu anachokiona, nasi sote tungefanya hivyo. Ninachotaka kuongeza ni swali la pili baada ya lile la kwanza. Swali la kwanza ni: amefanya nini? La pili ni: alipokuwa akifanya, nani alikuwa juu yake?

Maji yale yalipitia Baraza la Mawaziri. Yalipitia bajeti iliyojadiliwa na Bunge. Juu ya waziri alikuwapo Rais Mkapa, na pembeni alikuwapo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Rekodi ya waziri ni rekodi ya mtu anayetazamwa. Mwenye nyumba anayeshinda saiti anajua kazi ya fundi wake akiwa pale, hajui zege litachanganywaje siku atakayosafiri. Na urais ni kazi ambayo mwenye nyumba amesafiri miaka mitano.

Hapo ndipo ninapoona kosa la sentensi ya "anakula, lakini anafanya kazi." Inadhani rekodi ya kazi ni ya mtu peke yake, kwamba ukimpandisha juu atapanda nayo ileile. Kumbe rekodi nusu yake ni ya waliombana. Ukimpandisha, waliombana wanabaki chini. Kinachopanda naye ni yale aliyokuwa akijizuia mwenyewe bila kuzuiwa, na hayo ndiyo tunayoyaita miiko.

Nisije nikaonekana nausema upande mmoja tu. CCM nao mwaka ule walichagua kwa matokeo. John Magufuli alikuwa waziri aliyetaja urefu wa barabara kwa kichwa, kilomita kwa kilomita, na kaulimbiu yake ilikuwa "Hapa Kazi Tu." Wengi tulimpima kwa lami, na lami ilikuwapo kweli. Lakini tukumbuke tukio la 2011. Aliposhika kasi ya kubomoa nyumba zilizo kwenye hifadhi za barabara, Waziri Mkuu Pinda na Rais Kikwete walimrudisha nyuma hadharani. Waziri mwenye nguvu, na juu yake watu wenye uwezo wa kusema subiri. Mwaka 2017 nyumba za Kimara kando ya Barabara ya Morogoro zilipobomolewa, aliyekuwa na uwezo wa kusema subiri hakuwapo tena, maana waziri yule ndiye aliyekuwa rais.

Urais ule ulileta mambo makubwa. Watoto walianza kusoma bila ada hadi kidato cha nne. Reli ya kisasa ilianza kutandikwa, na bwawa la Mto Rufiji, lililopangiwa megawati 2,115, likaanza kujengwa baada ya kuzungumzwa kwa miongo mingi. Nayasema kwa heshima, kwa kuwa yapo na yanatusaidia hadi leo. Na urais uleule, katikati ya 2016, ulipiga marufuku mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa, marufuku iliyodumu hadi Januari 3, 2023, Rais Samia alipoiondoa. Matangazo ya Bunge ya moja kwa moja yakakatwa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Profesa Mussa Assad, akaondolewa mwaka 2019. Tulipokuwa tunapima kilomita za lami mwaka 2015, hakuna mahali kwenye mizani yetu palipoandikwa: je, mtu huyu huvumilia kukaguliwa?

Sasa niwarudie CHADEMA, maana hasara yao haikuishia kwenye kushindwa uchaguzi. Waliishiwa maneno. Rais mpya alipoanza kutumbua watu na kuvamia bandarini, alikuwa anahubiri mahubiri waliyoyaanzisha wao pale Mwembeyanga, nao hawakuweza kumwambia tuachie, hiyo ni yetu. Kila walipofungua kinywa kuhusu ufisadi waliulizwa swali moja tu, na walijua ni lipi. Tarehe 1 Machi 2019 Lowassa akarudi CCM. Zile kura milioni sita hakuziacha nyuma zikiwa za chama. Wale waliokuja kwa ajili yake hawakuwa wamekuja kwa ajili ya jambo lingine, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa limeshawekwa kando ili aingie.

Ukweli huo ni wa kivitendo kabisa. Mtu anayesema kanuni ni anasa ya wasomi aniambie: chama kilichotumia miaka minane kujenga neno lake, kikaliuza kwa msimu mmoja, kilipata bei nzuri? Tukipima kwa Oktoba 2015, pengine ndiyo. Tukipima kwa Machi 2019, hapana. Matokeo nayo yana tarehe, na anayechagua tarehe ya kupimia ndiye anayeamua nani kashinda hoja.

Na wale waliokataa kuwa naye? Profesa Lipumba aliachia uenyekiti wa CUF, chama mwenza ndani ya UKAWA, Agosti 2015, akisema dhamiri yake haimruhusu. Dk. Slaa akatangaza Septemba 1 kwamba anaachana na siasa za vyama. Wakati ule niliwaheshimu wote wawili. Lakini mwaka uliofuata Lipumba aliutaka tena uenyekiti aliouachia, chama kikapasuka vipande viwili, na mwaka 2019 Maalim Seif, aliyekuwa katibu mkuu wa CUF, na watu wake wakahamia ACT-Wazalendo. Dk. Slaa aliteuliwa kuwa balozi na Serikali ya chama alichokipinga maisha yake yote ya upinzani. Sisemi walikuwa na nia mbaya. Moyo wa mtu ni wake. Nasema kwamba kanuni isiyobaki kazini, isiyokaa na wananchi ikawaonyesha njia nyingine ya kupita, huwaacha watu pale pale ilipowakuta, na kesho wanaokotwa na yeyote mwenye gari na maikrofoni. Kuondoka kunasafisha jina la anayeondoka. Mpiga kura wa Temeke alibaki na karatasi ileile yenye majina yaleyale.

Miaka kumi baadaye CHADEMA kikageukia upande wa pili kabisa. Aprili 2025, chini ya Tundu Lissu, kilikataa kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi kwa msimamo kwamba bila mageuzi hakuna uchaguzi, na Tume ikakiondoa kwenye kinyang'anyiro. Mwaka 2015 waliweka neno lao rehani wapate kura, mwaka 2025 wakaachia kura wasipoteze neno. Uchaguzi ukafanyika Oktoba 29 bila wao, na watu wetu wakapoteza maisha barabarani. Jambo lenye misiba mibichi namna hiyo halipimwi kwa idadi ya viti, wala mimi sitalipima hapa dakika tano kabla ya taarifa ya habari. Nalitaja kwa sababu anayesema msimamo hauna gharama hajawaona wanaoilipa, na mara nyingi si waliousimamia.

Wenzetu wa Kenya walijaribu kuliondoa swali hili la maadili ya mgombea mikononi mwa mpiga kura. Katiba yao ya 2010 ina Sura ya Sita nzima juu ya uongozi na uadilifu. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliombwa iwazuie Uhuru Kenyatta na William Ruto kwa kuwa walikuwa na mashtaka kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC. Haikuwazuia. Wakachaguliwa, na baadaye kesi zikaanguka. Sisi nasi mwaka 1967 tuliandika miiko ya viongozi kwenye Azimio la Arusha, na ilikuwa miiko ya kushikika kwa mkono: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha, asipokee mishahara miwili. Mwaka 1991 kule Zanzibar tukailegeza. Napenda watu waikumbuke orodha ile, kwa sababu inaonyesha kuwa miiko haikuwa habari ya kumchungulia mtu rohoni. Ilikuwa habari ya mambo ambayo jirani anaweza kuyaona akipita: nyumba ile ni ya nani, na nani anakusanya kodi?

Kwa hiyo mimi napima hivi. Katika mengi niko tayari kukubaliana na mgombea nisiyempenda. Akitaka barabara ianze kwao kabla ya kwetu, tutavutana. Akiwa na sera ya kilimo nisiyoiamini, nitampa miaka mitano nione. Akiungana na watu tuliogombana nao jana, siasa ndiyo hiyo. Hayo yote yakiharibika yanatengenezeka uchaguzi unaofuata. Pale ninapogoma ni kwa mtu ambaye akikosea hatutaweza kumrekebisha: asiyetaka kukaguliwa, anayenuna akiulizwa, anayemwona mwandishi wa habari kama adui, aliyewahi kulifunga daftari la hesabu mbele ya wenye fedha zao. Huyo hata akija na kilomita elfu moja simpi, kwa sababu siku zile kilomita zitakapoanza kubomoka sitakuwa na mahali pa kusemea.

Na dalili zake hazingoji Ikulu. Wasikilizaji mlio vijijini mnajua kwamba kila baada ya miezi mitatu mwenyekiti anatakiwa kuitisha mkutano mkuu wa kijiji na kusoma mapato na matumizi. Wapo wanaoyasoma bila kusukumwa, wakayabandika kwenye ubao wa ofisi, mchango wa darasa hadi risiti ya misumari. Wapo wanaosema karani kasafiri na vitabu. Mwenyekiti wa kijiji yuko mbali na mkurugenzi wa halmashauri, mbali na mkaguzi, na siku nyingi hana wa kumtazama isipokuwa ninyi. Mtu huyo kesho atachukua fomu ya udiwani, na kesho kutwa ya ubunge, na atakuja kuwaeleza yote aliyoyajenga. Ninyi mmeshamwona wakati hakuna aliyekuwa juu yake.